Oili Itangulie Moto: Siku Nne za Kuandaa Injini Iliyofungwa Upya

Jumamosi iliyopita niliwasha kwa mara ya kwanza injini ya MGB yangu ya mwaka 1966, gari dogo la michezo la Kiingereza, baada ya miezi minane ya kuifungua, kuipima, kuipeleka kuchongwa silinda na kuifunga upya. Kuwaka kwenyewe kulichukua chini ya sekunde tatu. Maandalizi yalichukua siku nne, na ni hizo siku nne ninazotaka kuzieleza, kwa sababu miaka sita iliyopita niliiharibu injini ya aina hii hii kwa kuyamaliza maandalizi yake jioni moja.

Injini ile ilikuwa imefungwa vizuri. Beringi zilikuwa na nafasi sahihi, pete za pistoni zilikuwa mpya, na kamshafti (fito yenye nundu zinazofungua valvu) pamoja na tapeti zake (vipande vinavyosukumwa na nundu hizo) vilikuwa vimetoka kwenye boksi. Kosa lilikuwa kwamba distribyuta, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, niliifunga ikiwa imepishana nusu mzunguko, hivyo cheche ilitoka mwishoni mwa pigo la kutoa moshi badala ya mwishoni mwa pigo la mgandamizo. Nilipiga stata kwa karibu robo saa, nikipumzika na kurudia, hadi nilipogundua tatizo na kulirekebisha. Ilipowaka niliiacha ikae sailensa, yaani izunguke taratibu bila kukanyagiwa mafuta, huku nikihangaika na kabureta, nikidhani kwamba mzunguko wa taratibu ndio ulio salama kwa injini mpya. Haikumaliza kilomita 1,000. Nilipofungua nilikuta nundu mbili za kamshafti zimelika hadi zimepoteza umbo, nyuso za tapeti zake zimechimbika katikati, na unga wa chuma umesambaa hadi kwenye beringi za krankishafti, fito kuu inayozungushwa na pistoni.

Sababu ya uharibifu huo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo inayotoa maana ya kila hatua inayofuata. Katika injini za zamani za aina hii, nundu ya kamshafti haisukumi gurudumu dogo linalobiringika. Inakwaruza moja kwa moja uso wa tapeti. Uso huo, ambao kwa macho huonekana bapa, umechongwa ukiwa na uvimbe mdogo sana wa kutokeza, na nundu nayo imechongwa ikiwa na mwinamo mdogo upande mmoja, ili kila nundu inapopita tapeti izunguke kidogo kwenye tundu lake na isikwaruzwe mahali pamoja siku zote. Vipande hivi vinapokuwa vipya havijazoeana, na mguso wao ni eneo dogo mno linalobeba nguvu yote ya springi za valvu. Dakika za kwanza za mzunguko ndizo zinazolainisha mguso huo na kuupanua. Kinachozilinda nyuso hizo wakati huo ni rojo zito la molibdeni lililopakwa wakati wa kufunga, kisha oili inayorushwa na krankishafti inapozunguka kwa kasi. Injini ikizunguka taratibu, oili inayorushwa ni kidogo. Stata ikipigwa kwa muda mrefu, rojo hilo linafutika kabla oili haijafika. Mimi nilifanya yote mawili siku moja.

Kwa hiyo safari hii nilijiwekea masharti mawili: oili ifike kila mahali kabla ya moto, na injini iwake mara moja, ikapande moja kwa moja hadi mizunguko 2,000 kwa dakika bila kupitia sailensa.

Nianze na oili yenyewe. Nilitumia oili ya madini ya 20W-50 yenye viambato vingi vya zinki na fosforasi. Viambato hivyo, chini ya joto na mgandamizo, hujenga utando mwembamba juu ya chuma, na utando huo ndio unaozuia nundu na tapeti kugusana chuma kwa chuma. Oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa viambato hivi kwa sababu fosforasi huharibu vichujio vya kemikali vilivyomo kwenye ekzosi za magari hayo. Zinazifaa injini zenye tapeti za magurudumu, lakini kwa kamshafti mpya ya aina ya zamani sikushauri uzitumie, hata kama bei yake ni kubwa na chupa yake inavutia. Oili ya sintetiki nayo niliiacha, kwa kuwa pete za pistoni zinahitaji msuguano fulani na kuta za silinda ili zikae vizuri.

Kuijaza oili kwenye injini hakuna maana kwamba imefika inakotakiwa. Pampu ya oili iliyo kavu inaweza kuzunguka bila kuvuta kitu, kwa kuwa hewa inapita kwenye nafasi zake bila kizuizi. Ndiyo maana kabla ya kufunga sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, niliijaza pampu kwa mafuta mazito ya kujipaka, yasiyo na manukato, ambayo huziba nafasi hizo na kuiwezesha kuvuta tangu mzunguko wa kwanza, kisha huyeyuka yenyewe ndani ya oili ya moto. Katika injini nyingine, hasa zile kubwa za silinda nane za Kimarekani, fundi huweza kuchomoa distribyuta na kuizungusha pampu kwa drili kupitia tundu lake. Kwenye MGB njia hiyo haipo, kwa sababu pampu huendeshwa na kamshafti kwa fito yake yenyewe na distribyuta ina fito yake nyingine. Nilichofanya ni kufungua mahali unapoingia mrija wa geji ya oili kwenye bloku, nikaunganisha pale chombo kipya cha kunyunyizia dawa ya mimea, kile cha kupampu kwa mkono, nikiwa nimekijaza oili ile ile iliyopashwa joto kidogo ili iwe nyepesi.

Kazi hii ilinichukua karibu saa nzima na ndiyo niliyoifurahia kuliko zote. Nilipampu taratibu huku kifuniko cha valvu kikiwa wazi, na kila baada ya muda niliizungusha krankishafti robo mzunguko kwa spana. Kuizungusha ni lazima, kwa kuwa njia ya oili ya kwenda kwenye roka, mikono midogo inayosukuma valvu, hupitia beringi ya kamshafti, na matundu yake hukutana katika mikao fulani tu. Kwa dakika kumi hivi sikuona kitu. Kisha roka mbili za nyuma zikaanza kung'aa, na baada ya mzunguko mmoja na nusu wa krankishafti oili ilikuwa ikitiririka kutoka kwenye roka zote nane. Niliyakaza maungio, nikarudisha mrija wa geji, nikachomoa plagi zote nne na kuutenganisha waya mwembamba wa koili ili kusiwe na cheche. Halafu nilipiga stata kwa vipindi vya sekunde kumi. Bila plagi hakuna mgandamizo, stata inazunguka kwa wepesi na beringi hazibebi mzigo mkubwa. Katika kipindi cha pili sindano ya geji ilipanda hadi pauni 40 kwa inchi ya mraba. Nikaacha hapo hapo, kwa sababu kila mzunguko wa ziada unafuta rojo kwenye nundu.

Nafasi za valvu nilizipima injini ikiwa baridi, milimita 0.38 kwa zote, kwa kufuata hesabu ya tisa ambayo mafundi wa injini hizi wanaifahamu: valvu ya kwanza inapokuwa imefunguka kabisa unarekebisha ya nane, ya tatu ikifunguka unarekebisha ya sita, na namba mbili zikijumlishwa daima zinakuwa tisa.

Kisha nikafika kwenye taimingi, yaani kupanga wakati wa cheche kutoka, mahali nilipoangukia zamani. Alama iliyo kwenye puli ya krankishafti haitoshi peke yake, kwa kuwa krankishafti huzunguka mara mbili kwa kila cheche moja ya silinda, na alama huonekana sahihi katika mizunguko yote miwili. Niliweka kidole kwenye tundu la plagi ya silinda ya kwanza na kuzungusha hadi hewa ikakisukuma kidole nje, nikathibitisha kwamba roka mbili za silinda hiyo zimelegea huku za silinda ya nne zikiwa katikati ya kubadilishana, ndipo nikaleta alama kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Rota ya distribyuta ikawa inaelekea kwenye waya wa silinda ya kwanza. Kutoka hapo waya hufuatana 1, 3, 4, 2, kinyume cha mwendo wa saa. Nafasi ya platini, yaani ncha zilizo ndani ya distribyuta zinazokata umeme ili cheche itoke, niliiweka milimita 0.38, nikaunganisha balbu ndogo kati ya waya mwembamba wa koili na bodi, nikafungulia swichi na kuizungusha distribyuta kidogo kidogo hadi balbu ilipowaka. Hapo ndipo platini zinapofunguka, na ndipo cheche inapotoka. Nilirudia zoezi hili lote mara tatu, siku mbili tofauti, kwa sababu uchovu huficha makosa.

Umeme wa gari hili una jambo moja la kuangaliwa kwa makini. MGB za hadi mwaka 1967 zina chanya kwenye bodi, na betri zake ni mbili za volti 6 zilizounganishwa kwa mfuatano nyuma ya viti. Koili ikiunganishwa kinyume gari huweza kuwaka, lakini cheche huwa dhaifu, kwa kuwa umeme huruka kwa urahisi zaidi ukianzia kwenye ncha ya kati ya plagi iliyo ya moto kuliko ukianzia pembeni.

Petroli niliitoa yote ya zamani, nikasafisha tangi na kuweka mpya. Pampu ya petroli ya umeme ilipowashwa ilipiga mlio wa haraka, ikapunguza mwendo, kisha ikanyamaza. Kunyamaza huko ni ishara kwamba vikombe vya kabureta vimejaa na sindano zake zimefunga. Kama ingeendelea kupiga ningejua kwamba petroli inavuja mahali fulani. Jeti za kabureta zote mbili nilizishusha mizunguko miwili kamili kutoka juu, kipimo cha kuanzia ambacho huiwezesha injini kuwaka na kukubali mafuta, nikaweka oili nyepesi kwenye vifuniko vyake vya juu. Rejeta niliijaza polepole valvu ya hita ikiwa wazi, ili hewa isinaswe ndani ya silinda hedi.

Jumamosi asubuhi gari lilitolewa nje, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamezuiliwa kwa magogo, gia iko huru, feni kubwa ya umeme imeelekezwa kwenye rejeta kwa sababu gari lililosimama halipati upepo, na mtungi wa kuzimia moto umewekwa karibu na mlango. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha dereva akiwa na kazi moja tu, kuangalia geji ya oili, na tulikubaliana kwamba sindano isipopanda ndani ya sekunde kumi angezima bila kuniuliza. Mimi nilikuwa mbele, mkono mmoja kwenye waya wa mafuta.

"Kaka, nipige?" akauliza. Nikamwambia apige.

Iliwaka kabla stata haijamaliza mzunguko wa tatu. Niliipandisha hadi 2,000, naye akapaza sauti kwamba sindano imefika 70. Kwa dakika ishirini nzima hatukuiruhusu ishuke chini ya 2,000 wala ivuke 2,500, na nilikuwa nikibadilisha kasi kidogo kidogo kati ya mipaka hiyo ili oili irushwe kwa pembe tofauti. Ekzosi ilitoa moshi mwingi wa rangi mpya na oili ya kufungia, na nilikuwa nimemwonya mdogo wangu kuhusu hilo ili asishtuke. Kwenye dakika ya nne niliona maji yakidondoka kwenye mpira wa chini wa rejeta. Nilikaza kleempu bila kuzima. Kama ingekuwa petroli ningezima papo hapo. Taa ya taimingi ilionyesha kwamba kazi ya balbu ilikuwa sahihi, na joto lilipanda hadi nyuzi 85 likabaki hapo.

Injini ilipopoa kiasi, niliimwaga oili yote ingali vuguvugu na kukata filta kwa msumeno wa bomba. Nilikuta rangi ya kijivu ya rojo la molibdeni kwenye karatasi yake, na nilipoipitishia sumaku haikushika chembe yoyote ya kuonekana. Jumapili, injini ikiwa baridi kabisa, nilizikaza upya nati za silinda hedi kwa kufuata mpangilio wake, nikilegeza kidogo kila moja kabla ya kuikaza, kisha nikapima tena nafasi za valvu. Sita zilikuwa pale pale. Mbili zilikuwa zimebana kwa vipande viwili au vitatu vya mia ya milimita, jambo linalotokea gasketi inapokaa, na sikuona hata moja iliyopanuka. Nafasi iliyopanuka ndiyo ingekuwa habari mbaya, kwa kuwa ingemaanisha nundu inalika.

Kilichobaki sasa ni pete za pistoni, ambazo kukaa kwake kunahitaji mzigo na si mzunguko wa bure. Wiki hii gari litaingia barabarani likiwa na oili mpya, nalo litapandishwa kwa nguvu kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa na kuachwa lishuke lenyewe likiwa kwenye gia, mara kadhaa, kisha nitapima tena valvu.