Povu la Mara ya Pili

Juzi jioni mama yao alikuwa anapika sabuni ya mwani uani, na binti yetu akashika sufuria ya alumini ili akorogee soda. Akapokonywa hapohapo. "Hiyo haitiwi soda! Lete ndoo ya plastiki." Mtoto akanigeukia mimi, nilikuwa nimekaa na tupa nanoa mnyororo: "Baba, kwani ikitiwa humo inafanya nini?"

Nikamwambia inaila. Soda ile, kostiki ya sabuni, ikikutana na alumini huchemka bila ya moto, hutoa povu na joto kali, na gesi inayopanda ni haidrojeni, ambayo hushika moto. Ndiyo maana tunatumia plastiki, na ndiyo maana tunamwagia soda ndani ya maji, si maji juu ya soda. Yeye akaridhika, akaenda kuchukua ndoo. Mimi nikabaki na tupa mkononi, naiona silinda ya msumeno wa moto wa ami.

Msumeno wenyewe mnaujua. Ni ile Stihl 070, sentimita za ujazo 106, pistoni ya milimita 58, gamba lake la magnesiamu limetoka unga mweupe kwa chumvi ya bahari. Mwaka ni 2010, ule ambao umeme wa waya wa chini ya bahari ulifika Pemba kutoka Tanga. Mvua za masika zilikuwa zimeangusha mwembe mkongwe upande wa Mtambile, karatasi ya sheha na kibali vishapatikana, gogo limeshawekwa vizuri kupasuliwa mbao. Msumeno wa moto ukafa katikati ya ubao wa pili. Kamba ikivutwa haiendi.

Ami akasema umekufa kwa kukosa oili. Mafuta alikuwa akichanganya kijana mmoja wa pale kijijini: lita 5 za petroli kwa mililita 200 za oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili, yaani 25 kwa 1, kipimo ambacho ami mwenyewe alimfundisha. Kijana akaapa kuwa oili katia. Ami akamlipa siku zake, akamwambia asirudi. Kisha akaniletea msumeno juu ya baiskeli, umefungwa kwa mpira. "Mwanangu, nipasulie huu. Mwenye mbao ananingoja."

Mashine iliyoganda usiivute kwa nguvu. Nilitoa plagi kwanza, kisha ekzosi, nikachungulia kwa tochi kwenye tundu lake. Mistari ilionekana wazi. Nikafungua silinda, ikatoka kwa kugongwagongwa kwa nyundo ya mpira, na pistoni ikabaki juu ya fimbo yake. Upande wa ekzosi ulikuwa umechubuka kutoka juu hadi chini, mistari ya wima inang'aa kama bati jipya, na ringi zimebanwa ndani ya mifereji yake. Upande wa pili, wa kuingilia mafuta, ulikuwa safi. Mikwaruzo midogo ya mashine ya kiwandani bado ilikuwa inaonekana. Nikaiweka pistoni mezani, nikashughulika na silinda.

Sasa hapa ndipo ninapopakumbuka hata leo kwa macho. Kilichoganda kwenye ukuta wa silinda si jeraha la silinda. Ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikapakwa juu ya kromu, ile ngozi ngumu ya ndani ya silinda, na chini yake mara nyingi kromu ni nzima. Mafundi wengine hutumia ile asidi ya kusafishia choo. Inaila alumini, kweli, lakini inaila na kromu, na ngozi ya kromu ikitoboka silinda hiyo haina kazi tena. Soda ya sabuni inaila alumini na kromu inaiacha. Nikachukua kijiko kimoja cha soda, nikakimwaga kwenye nusu kikombe cha maji ndani ya kopo la plastiki, nikavaa glavu, nikakaa chini ya mfenesi, uso upande unaotoka upepo. Nikafunga kitambaa kwenye kijiti cha mwanzi. Mwili wote wa silinda nje ya ile ngozi ni alumini, kwa hiyo tone likikimbilia kwenye tundu la ekzosi linakula kingo zake. Lazima kitambaa kiwe kinyevu tu, kisidondoke.

Nikagusa mstari wa kwanza. Sekunde mbili tatu hakuna kitu. Kisha vitone vidogo vikaanza kutoka juu ya ule mstari peke yake, vinapanda, vinapasuka, sauti yake kama maji ya dafu unapoyasogeza sikioni. Povu likageuka kijivu, halafu jeusi. Kromu ya pembeni imekaa kimya, haina hata kitone kimoja. Nikafuta, nikagusa tena. Kila nilipofuta mstari ulikuwa mwembamba zaidi. Mara ya saba au ya nane nikagusa na povu halikutoka, na hiyo ndiyo alama: palipokuwa na alumini sasa pana kromu tupu. Nikasuuza kwa siki, nikasuuza kwa maji, nikakausha, nikapaka oili palepale. Nikapitisha kidole. Laini. Nilifurahi kupita kiasi, na nilimwita mama akaja kuangalia.

Mengine yalikwenda haraka. Jamaa yetu wa Dar alinunua Kariakoo pistoni, ringi na seti ya vipuri vya kabureta, vikaja na meli hadi Mkoani. Hapa niseme kwa anayetafuta: namba za vipuri vya 070 huanza na 1106, lakini namba hiyo ni ya 090 vilevile, na pistoni ya 090 ni milimita 66. Mpe muuzaji namba nzima pamoja na kipimo, na kama unaweza, picha ya kipuri cha zamani kikiwa juu ya rula. Gasketi ya chini ya silinda niliikata mwenyewe, karatasi juu ya mdomo wa gamba, naigongagonga kingo kwa nyundo ndogo mpaka inakatika. Ringi niliipima kwanza ndani ya silinda tupu, nikaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, nikapima mwanya wa ncha zake kwa fila, vile vibapa vya kupimia nafasi: milimita 0.25, inatosha. Mshale wa pistoni unatazama ekzosi. Klipu za pini, mdomo wake uangalie juu au chini, usiangalie pembeni. Klipu iliyokaa vibaya hutoka kazini na kuikwangua silinda yote.

Kwenye kabureta nilibadilisha viwambo na sindano. Kale kamkono kanakobonyeza sindano kawe sawasawa na sakafu ya chumba chake. Kakiinuka mafuta yanafurika, kakishuka mashine inakosa mafuta. Skrubu zote mbili za kupimia mafuta nilizifunga taratibu mpaka mwisho, kisha nikazifungua mzunguko mmoja mmoja ili nianzie hapo.

Kitu kimoja sikukifanya. Sili ya krenki, mpira unaozuia hewa isipite pembeni ya shafti, upande wa flaiwili (lile gurudumu zito la mwisho wa krenki) ipo nyuma ya flaiwili yenyewe, na flaiwili ile ilikuwa imeng'ang'ania kwenye shafti yake ya mchongoko. Sikuwa na pula, chombo cha kuivutia. Nilitia mwanga wa tochi pembeni, nikaona mpira mweusi, nikasema nzima. Ami alikuwa amekaa barazani, anangoja.

Uliwaka mvuto wa nne. Wale mliowahi kushika 070 mnajua kabureta yake ina gavana: ukiuachia kasi bila ya kukata kitu, ikifika juu gavana huongeza mafuta na mashine huanza kukoroma, kama inakosa moto. Ukiingiza mti mkoromo unakatika na nguvu inakuja. Wageni hudhani ni ugonjwa, kumbe ndiyo afya yake. Siku ile mkoromo haukuja. Mashine iliimba, sauti nyembamba, safi, na ukiachia kasi ilichukua muda kushuka. Ami akatabasamu: "Sikiliza unavyolia!" Nami nikasikiliza, nikaona ni pistoni mpya.

Ulikata tangi tatu. Ya nne ikaganda, mbao zikiwa bado nusu, na safari hii mafuta alichanganya ami mwenyewe kwa mkono wake, na oili alipima mbele ya macho yangu.

Nikafungua. Pistoni mpya, upande wa ekzosi umechubuka, upande wa pili safi. Nikaenda kuitafuta ile ya kwanza kwenye kopo la biskuti, nikaziweka pamoja. Zilikuwa sura moja.

Mashine ikikosa oili huchubuka pande zote, kwa sababu hakuna upande uliolindwa. Ikichubuka upande wa ekzosi peke yake, penye joto zaidi, huo ni moto wa mchanganyiko mwembamba: hewa imezidi petroli. Na hewa ya ziada huingia kwenye gasketi au kwenye sili. Haya nilikuwa nayajua tangu mwanzo. Na dumu la yule kijana lilikuwa limebaki pale barazani siku ile ya kwanza, na mafuta ndani. Tone moja juu ya gazeti lingetosha: petroli inaruka, na kama imo oili doa linabaki.

Safari hii nikaazima pula kwa fundi wa mashine za boti. Kabla ya kuondoa flaiwili nilirudisha silinda, nikaziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa vipande vya mpira wa tyubu vilivyobanwa na bati. Nikachukua plagi mbovu, nikavunja kauri yake, nikaunga valvu ya tyubu ya baiskeli ndani, nikaifunga mahali pa plagi. Pistoni iwe chini kabisa ili njia za ndani ziwe wazi mpaka kwenye krenki. Nikajaza upepo taratibu, nusu baa tu, nikaondoa flaiwili, nikapaka maji ya sabuni.

Povu. Dogo, mfululizo, linatoka kwenye mdomo wa sili upande mmoja, linavimba, linapasuka, lingine linafuata. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka kwa ndani. (Na hata mpira ungekaa kimya bila ya povu, isingetosha. Mdomo wa sili hutazama ndani, upepo wa ndani huubana, lakini mashine ikivuta huachia. Kwa hiyo pima na kwa kuvuta.)

Nikamwita ami. Akainama, akaangalia povu kwa muda mrefu.

"Hapo ndipo penye ugonjwa?"

"Ndiyo, ami. Tangu ile mara ya kwanza."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi yule mtoto hakukosea."

"Hakukosea."

Akarudi barazani, akakaa.

Sili mpya nilizipata kwenye duka la beringi, kwa tarakimu tatu zilizoandikwa usoni: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Niliizungushia shafti kipande cha chupa ya maji ili sehemu ya ufunguo isiukate mdomo mpya, nikaisukuma kwa soketi inayolingana. Tukanunua pistoni nyingine. Mkoromo ukarudi. Mbao za mwembe zikamalizika, na msumeno ule unafanya kazi mpaka leo.

Kijana alikuwa ameshavuka kwenda Tanga. Ami hakunambia kama alimtafuta, nami sikumuuliza, na sasa ami hayupo wa kuulizwa.

Baada ya sabuni kumwagwa kwenye vibao, binti yangu alinitaka nimuonyeshe alumini iliyoyeyuka inavyokuwa. Nikalitoa kopo la biskuti. Akaigeuza pistoni ya kwanza mkononi, upande uliochubuka, kisha upande safi, kisha tena. Akauliza kwa nini huku kuzima na huku kumeharibika. Nikamweleza yote, na ya kijana. Akaniuliza kama huyo kijana anajua.

Nikamwambia sijui. Akairudisha kopeni, upande safi juu.