Hatua ya Iphis, wiki ya sita

Imekubali! Jana usiku, sebuleni Nkuhungu, mkeka ndio jukwaa, mapazia yamefungwa, watazamaji saba ninaowaamini wamebanana ukutani. Ile hatua ya Iphis, katika onyesho ninaloliandaa, imekubali.

Ovid, mshairi wa Kirumi, Metamorphoses, kitabu cha tisa: Iphis anatoka hekaluni nyuma ya mama yake, anapiga hatua ndefu kuliko alivyozoea. Basi. Hapo binti huyu wa mji wa Phaistos, kisiwani Krete, aliyelelewa kama mvulana ili baba asimuue, anageuzwa na mungu wa kike Isis kuwa mwanamume, amuoe Ianthe, msichana anayempenda. Mstari huo umenitesa wiki sita. Nikirefusha hatua, naonekana mwanamke anayeiga wanaume, na watu wanacheka. Nisiporefusha, hakuna anayeona kitu. Nimekaza mabega, nimeshusha sauti, nimejirekodi kwa simu na kufuta kila video. Tena hasira haikuwa ya miguu tu. Mimi nampenda mwanamke. Sikutaka kusimama pale niseme mapenzi yale yalisubiri mwili urekebishwe ndipo yaruhusiwe.

Maneno hayakunisumbua. Kiingereza kingenilazimisha kuchagua jinsia tangu sentensi ya kwanza; sisi tuna "a-" yetu. Mama wa Iphis anasema "mwanangu" mwanzo mpaka mwisho na hajasema uongo hata mara moja. Nakipenda Kiswahili kwa hilo.

Nilipanga wiki hii iwe ya taa. Nimeziacha, hizi za kuchaji zinafifia katikati ya onyesho. Kilichonivuta ni bibi yangu, Chamwino. Nilimuuliza habari za zamani, akanieleza jinsi wanawake wa Kigogo, ng'ombe wakiandamwa na maradhi, walivyovaa mavazi ya wanaume, wakashika fimbo, wakacheza hadi mpakani kuutupa mkosi. (Mwanaanthropolojia Peter Rigby aliliandika jambo hili mwaka 1968, lakini kulisikia kwa bibi ni kitu kingine.) Nikauliza, watu hawakushangaa? "Washangae nini, mjukuu wangu? Ilikuwa kazi."

Nilirudi na daladala sioni njia, naona onyesho tu.

Sasa Iphis hageuzwi. Anafungua khanga kiunoni, anaivaa lubega, anaokota fimbo. Ianthe yuko upande wa pili wa mkeka, na Iphis anamwendea. Hatua inarefuka yenyewe, kwa sababu mtu anayemwendea mpenzi wake hatembei polepole. Sikuigiza chochote. Hakuna aliyecheka, na rafiki yangu aliyekaa karibu na mlango alivuta miguu kunipisha, kama vile kweli nina mahali pa kufika.

Khanga iwe ya pamba. Ile ya nailoni ilinidondoka begani mara mbili kwenye mazoezi.

Tiresias, yule mwingine wa Ovid anayegeuka mwanamke kisha mwanamume tena, niliyeahidi kumleta, atasubiri. Harusi ya Iphis inataka muheme, ngoma ya wanawake, imebanwa mapajani, nami sijui hata pigo la kwanza. Jumamosi narudi kwa bibi.