Jioni ya Kumjadili Smilla

Mwanzoni mwa mwaka 2010 nilikuwa Copenhagen nikisomea vimelea vinavyoishi ndani ya mwili wa binadamu, kazi niliyokuwa nimeianza nyumbani Tanga miongoni mwa wagonjwa wa matende na mabusha. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali hata kwa wenyeji, kwa maana mji ule kwa kawaida hupata manyunyu zaidi kuliko theluji, na theluji iliyoanguka kabla ya Krismasi ilikuwa bado imelundikana kando ya njia, imekwisha kuwa na rangi ya majivu. Ili Kidenmark changu kinyooke, na ili nisizoee kukaa na darubini peke yake, nilijiunga na kundi la wasomaji waliokuwa wakikutana katika maktaba ya mtaa wetu. Mkutubi alitugawia nakala za kitabu kimoja, tukapewa muda wa kukisoma, kisha tukaketi kuzunguka meza yenye chupa za kahawa na mikate ya mdalasini, kila mtu akasema lake bila kukatizwa.

Wakati ule riwaya za upelelezi za nchi za Kaskazini zilikuwa zimeshika kila mahali. Filamu zilizotokana na riwaya tatu za Stieg Larsson zilikuwa zimetoka mwaka uliotangulia, na usingeweza kupanda treni bila kumwona mtu aliyezama katika mojawapo ya vitabu hivyo. Mkutubi, ambaye nadhani alikuwa amechoka kuulizwa kama vimerudishwa, alipendekeza turudi nyuma hadi kitabu kilichozifanya riwaya hizo zisomwe nje ya Skandinavia kabla ya Larsson, nacho ni *Frøken Smillas fornemmelse for sne* (yaani, Hisia ya Theluji ya Bi Smilla) cha Peter Høeg, kilichotoka mwaka 1992 na mwaka uliofuata kikapata Ufunguo wa Kioo, tuzo ya riwaya za uhalifu za nchi hizo.

Ambaye hajakisoma anisamehe, kwa sababu siwezi kueleza ugomvi wetu bila kueleza kisa. Mtoto wa miaka sita, Mgreenland, yaani mtu wa Greenland, kisiwa cha barafu kilicho chini ya Denmark, anayeishi na mama yake mlevi katika mtaa wa Christianshavn mjini Copenhagen, anaanguka kutoka juu ya paa na kufa. Polisi wanasema alikuwa akicheza. Jirani yake, Smilla Jaspersen, ambaye baba yake ni daktari tajiri wa Denmark na mama yake alikuwa mwindaji wa Greenland, anazitazama nyayo zilizobaki kwenye theluji ya paa na kukataa maelezo hayo, maana mtoto yule aliogopa mahali pa juu, na nyayo zake zinakwenda moja kwa moja hadi ukingoni. Kutoka hapo Smilla anafukua nyaraka za kampuni ya madini, anagundua kwamba kuna mtu aliyekata kipande cha msuli kwenye paja la maiti ili kukipima, anapanda meli iendayo Greenland, na mwishoni tunafikishwa kwenye jiwe lililotoka angani, jiwe lenye joto lililolala katika maji ndani ya barafu, na maji hayo yana mnyoo anayeua watu. Kitabu kinakwisha mhalifu mkuu akikimbilia kwenye barafu na Smilla akimfuata. Hatuambiwi kilichotokea baada ya hapo.

Aliyeanza kusema jioni ile alikuwa mhandisi mstaafu, mtu wa umri wa babu yangu, ambaye kwa desturi ya kule tulimwita kwa jina lake tupu. Ulimi wangu haukuwahi kulizoea jambo hilo, na kichwani mwangu nilimwita Mzee hadi mwisho. Alikuwa amekunja karatasi ya miraba iliyojaa hoja zilizoandikwa kwa mwandiko mdogo, akaikunjua, akavaa miwani, akaanza kwa sifa. Sehemu ya mjini, alisema, ni kazi ya bwana. Alimsifu mwandishi kwa kuijua biashara ya kriolaiti, madini yaliyochimbwa Ivittuut huko Greenland hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1987 na ambayo yalitumika kuyeyushia malighafi ya alumini. Alijua mwenyewe kwamba fedha za Denmark za namna hiyo zilitoka mahali ambapo Wadenmark wengi hawakupafikiria. Kisha akageuza karatasi. Kuanzia meli ing'oe nanga, alisema, mwandishi amesahau alichoanza nacho, watu wanapigana kwenye ngazi na vyumba vya injini kama katika sinema, na ukifika kwenye jiwe la moto ndani ya barafu unajiuliza kama wachapaji hawakuchanganya kurasa za vitabu viwili.

Wengi walitikisa vichwa kukubali. Kijana mmoja alisema aliishia kwenye meli kwa sababu hakuweza tena kukumbuka nani ni nani. Mwalimu wa sekondari, mama mchangamfu aliyekuwa akifuma soksi huku akisikiliza, alitetea kitabu kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika: Smilla ana miaka 37, hana mume, hana mtoto, ana hasira, anavaa vizuri, anasoma hisabati za Euclid kwa starehe yake, wala hamwombi mtu radhi, na kabla yake ni riwaya ngapi za namna hii zilimpa mwanamke kama huyo nafasi ya kusema? Akatukumbusha Maj Sjöwall na Per Wahlöö, Waswidi walioandika riwaya kumi kati ya mwaka 1965 na 1975 ili kuishtaki jamii yao kupitia kazi ya polisi. Kwa maoni yake Høeg alishika njia hiyo hiyo, ila mshtakiwa wake ni Denmark kwa yale iliyoyafanya Greenland.

Hapo mhandisi akanigeukia. Alisema tunaye mezani mtaalamu wa minyoo, basi na atuambie kama upuuzi ule unawezekana.

Nilikuwa nimejiandaa, kwa sababu kurasa zile nilizisoma kwa macho ya kazini. Nikawaambia kwamba mtu wa fani yangu akimwona mnyoo yule humkumbuka mara moja mnyoo wa Guinea. Mtu hunywa maji ya bwawa yenye viroboto-maji vilivyobeba vibuu. Baada ya takriban mwaka mmoja mnyoo jike, ambaye anaweza kufikia urefu wa mita moja, hutoboa ngozi, mara nyingi mguuni, na hutolewa kidogo kidogo kwa kumzungusha kwenye kijiti, siku hadi siku, kwa kuwa akikatika humletea mgonjwa balaa jingine. Mwaka 1986 wagonjwa walikadiriwa kuwa milioni 3 na nusu, na kufikia mwaka 2009 walikuwa wamebaki 3,190, mwaka ambao majirani zetu wa Uganda walithibitishwa kuwa wameutokomeza ugonjwa huo, tena bila chanjo wala dawa, kwa kuchuja maji na kuwazuia wagonjwa wasiingie mabwawani. Nikasema kwamba mnyoo huyo huhitaji maji ya joto, na hilo ndilo lililonipendeza, kwamba mwandishi alilijua: asingeweza kumweka kwenye maji ya barafu, ndiyo maana akahitaji jiwe la moto. Kisayansi jambo lenyewe haliwezekani, lakini limefikiriwa na mtu aliyefungua vitabu. Hata kile kipande cha msuli kilichokatwa pajani ni jambo la kweli kazini kwetu, kwa kuwa wapo vimelea wanaotafutwa kwa njia hiyo hiyo.

Mhandisi aliandika kitu kwenye karatasi yake. Tukaingia kwenye mjadala mrefu wa joto, shinikizo na umri wa vimelea, mjadala nilioufurahia kwa dhati, hadi mkutubi akamkaribisha mtu ambaye alikuwa hajasema neno.

Alikuwa muuguzi wa makamo, mzaliwa wa Greenland, aliyeishi Copenhagen tangu ujana. Nakala yake ilikuwa na alama za penseli pembeni, nyingine mistari na nyingine viulizo. Alisema kwanza kwamba jina la kitabu humkera. Bibi yake mzaa mama hakuwa na hisia ya theluji; alikuwa na macho mawili na miaka sitini ya kutazama, na aliyekosea kutazama alizama. Mdenmark akisema Mgreenland anaihisi theluji, alisema, anamsifu kwa namna inayomwondolea akili. Mwalimu aliweka soksi chini akamjibu kwamba Smilla amesoma elimu ya barafu na ameandika makala za kitaalamu. Muuguzi akakubali, akafungua ukurasa wa nyayo za paani, akasema kwamba ukurasa huo ameuwekea mstari kwa sababu pale Smilla hahisi kitu, anapima na kukata shauri, na kila neno lake ni sahihi.

Kisha akasema kwamba ametusikiliza kwa muda mrefu tukizungumza juu ya meli, jiwe na mnyoo, na kwamba mtoto hajatajwa tangu tulipomaliza muhtasari. Yeye alikisoma kitabu kizima kwa ajili ya mtoto yule. Alimjua, alisema, maana hospitalini kwake amewapokea watoto wa namna hiyo pamoja na mama zao. Akataja wale watoto 22 waliochukuliwa kutoka Greenland mwaka 1951 kuletwa Denmark ili wafanywe Wadenmark wadogo, na akasema kwamba miezi michache iliyopita, tarehe 21 Juni 2009, Greenland imepewa kujitawala kwa upana zaidi, malkia akahudhuria sherehe, lakini hao watoto bado hawajaombwa radhi na serikali yoyote. (Waliombwa mwaka 2020, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki.)

Nilidhani mhandisi ataudhika. Badala yake alipiga karatasi yake kwa kidole akasema kwamba hilo ndilo alilokuwa akijaribu kulisema tangu mwanzo na hakulipatia maneno: mwandishi naye alimsahau mtoto. Alituahidi kwamba tutajua nani alimkimbiza hadi ukingoni na kwa nini, akatupa jibu katika mistari michache akiwa mbioni kwenda kwenye jiwe lake. Muuguzi akamtazama kwa mshangao, akasema ndiyo, ndivyo. Watu wawili walioanza jioni wakiwa mbali kabisa walikuwa wamefika kwenye lawama moja, na mpaka leo sijasoma uhakiki wa kitabu hicho unaoigusa kasoro yake kwa usahihi kama ule.

Mimi hata hivyo sikukubaliana nao kuhusu ukurasa wa mwisho, na nikasema. Nimekulia kwenye visa vya Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, ambaye hukaa na kiko chake akamfungulia rafiki yake Najum fundo moja baada ya jingine hadi hakibaki kitu, na utamu huo naujua. Lakini Bwana Msa hushughulika na mtu mmoja aliyemtendea mtu mwingine uovu. Katika kitabu cha Høeg aliyeua ni mmoja, na nyuma yake ipo kampuni, wapo madaktari waliotia saini, ipo wizara iliyofumba macho, na kuna biashara ya miaka mingi kabla ya yeyote kati yao kuzaliwa. Hata kama tungeonyeshwa mtu yule akitiwa pingu, kampuni ingeendelea kufungua ofisi asubuhi. Niliona, na bado naona, kwamba kumwacha Smilla kwenye barafu bila hukumu ni uamuzi wa makusudi wa mwandishi aliyejua kwamba hakimu wa kesi kubwa kama hiyo hayumo katika riwaya. Mwalimu aliunga mkono. Mhandisi alisema hiyo ni hotuba nzuri, lakini yeye alilipa kodi ya maktaba ili apate mwisho.

Desturi ya kundi ilikuwa kutoa alama kwa kipimo cha shule za Denmark, ambacho huanzia -3 na kufikia 12 kwa kuruka namba kadhaa katikati, kipimo ambacho mgeni huchukua muda kukizoea. Mhandisi alitaka kutoa 12 kwa sehemu ya mjini na 00 kwa ile ya barafu, akabishana na mkutubi kwamba wastani wa alama hizo, yaani 6, haumo kwenye kipimo, na kwa hiyo hawezi kulazimishwa kuchagua. Mwalimu alitoa 12 bila kuinua macho. Kijana aliyeishia kwenye meli aliambiwa hana haki ya kutoa alama. Muuguzi alitoa 7, akaongeza kwamba atamsomea binti yake kurasa za nyayo na kumwachia zilizobaki aamue mwenyewe. Mimi nilitoa 10, na mkutubi aliponiuliza kwa nini si 12, nilimjibu kwamba zile mbili nimezikata kwa sababu ya meli, na si kwa sababu ya mnyoo.