Matoleo ya Pandoc yanavyotufikia huku Lubumbashi

Nina sekretaria ndogo ya kuchapa na kuprinti karibu na njia ya Kasapa, meza mbili, mashini tatu, printa moja ya lezeri na nyingine ya wino inayokunywa pesa. Wanafunzi wa chuo wanakuja na TFC na memwari zao, yaani vitabu vya kumaliza masomo, wengine wameandika kwa mkono, wengine wako na faili ya Word ndani ya fleshi yenye virusi kumi na mbili, na wote wanataka kitu kimoja: kitabu kiwe safi kabla ya siku ya depo, siku ya kukiweka chuoni. Kazi hii naifanya na Pandoc tangu 2017, na leo nataka niongee juu ya kitu ambacho sijaona mtu akikiandika kwa Kiswahili chetu, yaani hii programu inavyobadilika toleo kwa toleo na mabadiliko yanavyotukuta sisi wa huku.

Kwa ambao hawaijui: Pandoc inachukua maandishi ya aina moja na kuyageuza kuwa aina nyingine. Unaandika faili nyepesi ya maandishi matupu, Markdown, alama ya reli (#) mbele ya kichwa cha habari, nyota kwa maneno ya mlalo, basi, halafu komandi moja inakutolea Word, nyingine PDF, nyingine EPUB ya kusomea kwenye simu. Aliyeianzisha ni John MacFarlane, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, mwaka 2006, na ameiandika kwa Haskell, lugha ya kutengenezea programu. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, leseni yake ni GPL. Mtu wa falsafa! Hii inanifurahisha kila nikikumbuka, juu hakungoja mainjinia wamtengenezee, alikuwa na shida ya maandishi akaishughulikia mwenyewe, na mpaka leo njo yeye anaishika usukani pamoja na watu wengi wanaoleta vipande vyao.

Kwa nini mimi niliipenda, ni kuran, yaani umeme. Kuran ikikatika katikati ya kazi, faili ya Word ya kurasa mia na picha zake inaweza kufunguka kesho ikiwa imeharibika, nimeona mwanafunzi akikaa chini kwenye sakafu yangu akilia kwa sababu hiyo. Faili ya Markdown ni maneno tu. Ikikatika, unapoteza sentensi ya mwisho, siyo memwari. Tena ni ndogo sana, naweza kumtumia mtu sura nzima kwa kilobaiti chache bila kuhisi kitu.

Sasa tuje kwenye matoleo. Huko wanakoitengeneza, toleo likitoka leo watu wanalichukua leo. Kwangu toleo linafika na fleshi. Natumia Debian, mfumo wa bure wa kuendesha mashini badala ya Windows, na Debian inachagua toleo moja la kila programu inalishika miaka miwili hivi bila kuligusa, halafu mimi nangoja rafiki aliye na muunganisho mzuri anishushie ile Debian mpya, aniletee. Kwa hiyo Debian 9 iliniletea Pandoc 1.17.2, Debian 10 ikaniletea 2.2.1, Debian 11 ikaja na 2.9.2.1, Debian 12 na 2.17.1.1. Soma hizo namba polepole. Pandoc 2.0 ilitoka Oktoba 2017, mimi nikaionja 2019. Mabadiliko ya miezi na miezi yananiangukia mchana mmoja, yote pamoja, na kwa kawaida mchana wenyewe uko karibu na depo.

Hivyo njo ilivyokuwa mara ya kwanza. Nilikuwa na skripti yangu moja, yaani faili ya komandi, mistari sita, naijua kama jina la mamangu. Ndani yake kulikuwa na -S ya kupendezesha alama za kunukuu, --latex-engine=xelatex ya kutoa PDF, na --reference-docx ya kumwambia Pandoc ifuate stili za Word zinazotakiwa na fakalte. Nimeweka Debian 10 jioni, asubuhi nafungua mlango kuna watu wanne kwenye benchi, napiga komandi, inakataa. Nikahisi moto kifuani. Lakini nikasoma lile kosa, na pale njo nilianza kumheshimu huyu mtu: haikusema tu kwamba chaguo halijulikani. Ilisema -S imeondolewa, tumia +smart au -smart, na ikaweka mfano. Ilisema --latex-engine imeondolewa, tumia --pdf-engine. Ilisema --reference-docx imeondolewa, tumia --reference-doc. Nikabadilisha maneno matatu kwenye skripti nikaendelea. Dakika tano. Wale wa kwenye benchi hawakujua kitu.

Na sababu zake zina maana ukizifikiria. --latex-engine ilikuwa jina la zamani la wakati PDF inatoka kwa LaTeX, programu ya kupanga kurasa, peke yake, baadaye wakaongeza njia nyingine za kutoa PDF, ile jina ikawa inasema uongo. --reference-docx vilevile, juu LibreOffice, ile ya bure inayofanana na Word, nayo ilikuwa na chaguo lake mbali, wakayaunganisha. Na -S ilikuwa kama kiswichi kimoja cha nyumba nzima, unawasha taa zinawaka vyumba vyote. Sasa kila chumba kina kiswichi chake, unawasha smart kwenye maandishi yanayoingia, unazima kwenye yanayotoka, au kinyume chake.

Ila hiyo ya smart ilikuwa na mkia ambao sikuuona siku ile.

Miezi kadhaa baadaye akaja kijana mmoja wa isimu, anaandika juu ya masimulizi ya Kiswahili, amekusanya hadithi nyingi sana na mimi nilikuwa nimemsaidia kuzipanga. Alikuwa na skripti ndogo ya kuhesabu maneno, anachukua hadithi zake, anazigeuza na Pandoc ziwe maandishi matupu bila alama zozote, halafu anahesabu. Akaniambia, "Yaya, ng'ombe zote zimepotea." Nikamuuliza ng'ombe gani. Akanionyesha: mwezi wa nyuma neno ng'ombe lilikuwa na hesabu yake nzuri, sasa ni sifuri. Ng'ambo sifuri. Ng'oa sifuri. Hadithi ziko palepale, hakuna aliyegusa kitu, ng'ombe wanatembea kwenye kila ukurasa na mashini inasema hakuna hata mmoja.

Tulikaa na hiyo shida mpaka giza. Mwishowe nikakuza herufi kwenye skrini, kubwa kabisa, neno moja linajaza upana wote, na njo tukaona: ile alama katikati ya ng na ombe haikuwa tena kijiti kilichosimama wima kama cha kwenye kibodi, ilikuwa imepinda, kama koma ndogo iliyoning'inia juu. Kwa jicho ni kitu kilekile. Kwa mashini ni herufi mbili tofauti kabisa. Zamani, bila -S, Pandoc ilikuwa inaacha kijiti kama kilivyo. Kuanzia 2.0, smart, ile inayopindisha alama, inakuwa imewashwa yenyewe ukisoma Markdown ya Pandoc. Nikaandika -f markdown-smart, ng'ombe zikarudi zote.

Namwambia kila mtu hii hadithi juu inanifundisha kutofautisha aina mbili za mabadiliko. Kuna yale yanayopiga kelele. Kuna yale yanayopita kimya. Yale ya kelele yanakuudhi asubuhi moja tu, mimi sina ugomvi nayo tena. Yale ya kimya yanaweza kuingia ndani ya kitabu, kitabu kikatiwa jalada gumu, kikaenda mbele ya majaji, na hakuna aliyejua. Haiko kosa la anayetengeneza, kwenye orodha ya mabadiliko ya 2.0 iliandikwa wazi kabisa, tatizo ni kwamba mimi sikuisoma, na orodha yenyewe ni ndefu kweli, siyo kitu cha kusoma kwenye simu.

Mabadiliko ya Debian 12 yalikuwa ya kelele. Rejea za vitabu zilikuwa zinafanywa na programu ya pembeni, pandoc-citeproc, unaiita kama filta, yaani kichujio ambacho kitabu kinapita kabla ya kutoka. Kuanzia 2.11, mwaka 2020, kazi hiyo imeandikwa upya na kuingizwa ndani ya Pandoc yenyewe, unaandika --citeproc imekwisha. Skripti yangu ya zamani ikasema haipati pandoc-citeproc, nikafuta neno nikaweka lingine. Na ile mpya iko na mbio zaidi, memwari moja ya sheria yenye rejea kila mstari ilikuwa inanifanya niende kununua mkate nirudi, sasa napepesa macho tu imekwisha.

Hapo kuna kitu ambacho kinadanganya watu wengi. Wanaona 2.10 kwenda 2.11 wanafikiri ni kitu kidogo, juu namba ya mbele haijabadilika. Pandoc inafuata desturi ya kuhesabu ya watu wa Haskell: namba mbili za kwanza pamoja njo zinabeba uzito. Kutoka 2.10 kwenda 2.11 kunaweza kuvunja vitu. Kutoka 2.11.3 kwenda 2.11.4, hapo lala usingizi.

Halafu ikaja 3.0, Januari 2023, na hii sikungoja Debian, niliishusha mwenyewe juu nilitaka kitu fulani kilichomo. Tangu 2.0 Pandoc ina filta za Lua, yaani unaandika maneno machache ya lugha ya Lua, Pandoc inayapitisha juu ya kitabu kabla ya kukitoa, bila kuhitaji programu nyingine yoyote kwenye mashini. Kwa mtu kama mimi hii njo zawadi kubwa kuliko zote, nina filta ya kurasa za mbele, filta ya vifupisho, na filta ya picha. Ya picha ilikuwa inatafuta aya yenye kitu kimoja tu ndani, na kitu hicho ni picha, basi inaipangia nafasi na kuongeza neno "Picha" na namba yake. Juu zamani njo Pandoc ilivyokuwa inabeba picha yenye maelezo: aya ya kawaida, na alama ya siri ndani ya jina la picha, herufi fig na nukta mbili. Ni ufundi wa kujishikiza, wa kufunga waya mpaka upate bolti.

Kwenye 3.0 bolti ilipatikana. Picha yenye maelezo ikapewa kitu chake chenyewe, Figure, kina maelezo yake, kinaweza kubeba hata zaidi ya picha moja. Ni kitu kizuri, watu walikuwa wanakiomba muda mrefu. Lakini filta yangu ilikuwa inatafuta aya, na aya hazikuwepo tena. Haikulalamika. Haikupata cha kufanya, ikapita. Dada mmoja wa jiografia alikuwa na picha kumi na saba za mlima wa taka za madini na ule mnara wa moshi wa Gécamines, kampuni ya madini, amezipiga mwenyewe kutoka pande zote za mji, na zote zilitoka bila namba huku ndani ya maandishi anasema "tazama Picha 9". Aliona yeye, siyo mimi. Kama asingekuwa makini ingeenda hivyo.

Tangu siku ile nina desturi. Nimeweka kando memwari tatu za zamani, kwa ruhusa ya wenyewe: moja imejaa rejea, moja imejaa picha na majedwali, na zile hadithi za ng'ombe. Kabla sijakubali toleo jipya kwenye mashini ya kazi, nazigeuza zote tatu kwa Pandoc ya zamani na kwa mpya, na -t native, ambayo inakuonyesha kitabu jinsi Pandoc inavyokielewa ndani ya kichwa chake, halafu nalinganisha kwa diff, komandi inayoonyesha mistari iliyotofautiana. Kila mstari uliobadilika naurudisha kwenye orodha ya mabadiliko natafuta sababu yake. Inachukua jioni moja, kama kuran ipo. Na juu ya kila skripti ya mwanafunzi sasa naandika namba ya toleo lililotoa kitabu chake, juu wanarudi, baada ya miaka mitatu mtu anarudi anataka kopi nyingine ya kuombea kazi.

Wiki iliyopita amerudi mmoja wa 2017, wa ile benchi yangu ya kwanza kabisa, sasa ni baba wa watoto wawili. Faili yake nilikuwa nayo, kilobaiti mia na kitu. Nikaondoa -S, nikabadilisha majina mawili, nikaweka --citeproc. Jedwali moja lilikuwa limepanuka kidogo kuliko zamani, nikalirekebisha. Akaketi kwenye kiti kile cha plastiki akafungua ukurasa wa shukrani, akausoma wote polepole, halafu akaniuliza kama tunaweza kuongeza majina ya watoto. Nikamwambia hapana, baba, hii ni kopi ya ile iliyotetewa. Akacheka, akalipa, akaomba ya pili.