Yuro 89 kabla fundi hajafungua begi

Yuro 89 ni za fundi wa mashine ya kufulia kufika mlangoni tu. Binti aliyepokea simu alinisomea bila kupumua: yuro 89 za safari na kuangalia, kazi inahesabiwa kwa kila robo saa, vipuri mbali, na juu ya jumla asilimia 19 ya VAT. Nafasi ya karibu ni baada ya wiki mbili na kitu. Nikamuuliza, je, akifika akakuta ni jambo la dakika tano? Akasema yuro 89 ziko palepale. Nikamshukuru, maana Ujerumani hata ukikamuliwa unashukuru, nikakata simu.

Mashine ya kufulia yenyewe ilikuwa imegoma kutoa maji katikati ya kazi. Maji ya sabuni yamefika nusu ya kioo, mashuka ya mtoto yanaelea, mlango umejifunga, na kwenye kidirisha imeandika E18. Ukibonyeza iendelee, inanguruma sekunde chache, inanyamaza, inakuandikia E18 upya.

Ngoja niwape hesabu ninyi mnaotuona kwenye picha za theluji. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara hapa kilikuwa yuro 12.82 kwa saa. Gawanya. Ni karibu saa saba za kusimama wodini au ghalani, kabla ya makato, na makato ya huku mmeshayasikia. Hizo saa saba ni ili mtu mwenye buti safi aje akuambie tatizo ni nini. Kulitatua ni bei nyingine. Kwa hela za nyumbani Tanzania ni zaidi ya laki mbili na nusu, na kwa laki mbili na nusu pale Tabata najua mafundi ambao wangekuja na bodaboda, wakaomba maji ya kunywa, wakafungua mashine, wakafungua na friji kwa kuwa wameshafika, na bado tungepatana. Akishindwa unampa nauli na soda, mnaachana mkiwa marafiki.

Sisemi wa nyumbani ni malaika. Kuna anayeondoka na pampu yako nzima na kukufungia iliyochoka, ukigundua ameshabadilisha namba. Na wa huku naye ana yake: amesomea kazi kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya ufundi, ya miaka mitatu na nusu, ana gari la kampuni lenye vipuri, ana bima na pensheni, na akiharibu analipa. Akili inaelewa yote hayo. Mfuko ndio umekataa kuelewa.

Nikampigia mama nimlalamikie. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mwanangu, huko beseni hakuna?"

Beseni lipo, mama. Sasa mweleze mama kwamba kufua si tatizo, tatizo ni kukamua na kuanika. Ni Januari. Nje ni nyuzi chini ya sifuri, kamba ya kuanikia iko sebuleni, sakafu ni ya mbao na si yangu. Shuka la kukamua kwa mkono linadondosha maji usiku kucha, ukutani ukungu unaanza kuota, na siku ya kuhama mwenye nyumba anakata ukungu huo kwenye amana yako. Mashine inakamua kwa mizunguko zaidi ya elfu moja kwa dakika. Mikono ya binadamu, hata ya mama yangu, haifiki hapo.

Jioni kengele ya mlango ikalia. Alikuwa mzee wa ghorofa ya chini.

Wanaoishi Stuttgart wanamjua mzee wa aina hii. Huku kuna desturi ya Kehrwoche, wiki ya zamu ya kufagia: kibao kinatundikwa mlangoni kwako, na wiki hiyo ngazi ni zako, hata kama hazina vumbi. Mzee huyu ndiye askari wa kibao. Ameshaniachia vikaratasi kuhusu ngazi, kuhusu baiskeli ya mtoto, kuhusu karatasi zangu kukutwa kwenye pipa la taka za plastiki. Kuanzia saa nne usiku ni saa za utulivu, na ilikuwa imebaki saa moja na nusu. Nikajua amekuja kwa ajili ya muungurumo, nikatanguliza pole.

Akasema, "Pampu yako inanguruma lakini maji siyasikii yakipita kwenye bomba langu. Imeziba." Kumbe bomba la majitaka la bafuni kwangu linapita ukutani kwake, na yeye, mstaafu wa kiwanda cha magari, hulisikiliza kama wengine wanavyosikiliza redio. Akashuka, akarudi na taa ya kufunga kichwani, trei ya kuokea keki, na furushi la taulo kuukuu. Hakuuliza kama anaruhusiwa kuingia. Alivua viatu.

Alivyofanya ndivyo nitakavyowaambia, maana ni kazi ambayo kila mmoja wenu ataikuta. Kwanza alichomoa plagi ukutani. Hakuridhika na kitufe cha kuzima. Akafunga koki ya maji. Akagusa kioo kuona kama maji yamepoa, kwa sababu mashuka nilikuwa nimeyaweka nyuzi 60 na maji ya nyuzi 60 yakikumwagikia mkononi utaenda hospitali. Chini kulia, mbele ya mashine, kuna kidirisha kidogo cha plastiki ambacho wengi wanadhani ni pambo. Nyuma yake kuna chujio la pampu. Mashine nyingine zina na kampira kembamba pembeni, unakachomoa kizibo na maji yanatoka kistaarabu. Yangu haina. Akasukuma trei chini ya kidirisha, akalegeza chujio kidogo kuelekea kushoto, maji yakajaa trei, akakaza, tukamwaga, akalegeza tena. Kazi ya kuchosha hiyo, maana trei ni fupi na maji ni mengi. Asiye na subira hufungua chujio lote mara moja, na hapo ndipo dari la jirani linapoingia kwenye hadithi. Bila shaka dari lake lilikuwa na hisa katika huruma ile, lakini huruma ni huruma.

Chujio likatoka. Sarafu mbili za senti, kibanio cha nywele, kifungo. Akamulika ndani ya shimo, akaingiza kidole kuisukuma feni ndogo ya pampu. Inapaswa kuzunguka kwa kushtukashtuka, kwa sababu ndani yake kuna sumaku; huo si ubovu. Hii haikusogea kabisa. Akaomba koleo jembamba, akavuta, ukaanza kutoka uzi wa zambarau, mrefu, wenye utelezi wa sabuni, umejiviringisha kwenye feni mzunguko baada ya mzunguko. Akaupandisha kwenye mwanga wa taa yake na kuniuliza ni mnyama gani.

Rasta. Za binti yangu, za sikukuu. Dada zangu, hili nawaambia ninyi hasa: nyuzi za rasta hubaki kwenye foronya na taulo, hupenya matundu ya dramu, na zikifika kwenye feni hujifunga kuliko msokoto wa msusi. Foronya ikung'uteni nje kabla ya kuiweka ndani. Hakuna kijitabu cha mashine kilichoandika hivyo, kwa kuwa waliokiandika hawasuki.

Aliporudisha chujio alilikaza sana, akapitisha kidole kuhakikisha halivuji, ndipo akachomeka plagi na kuchagua programu ya kutoa maji. Hakuridhika bado. Alichomoa mwisho wa mpira wa kutolea maji chini ya sinki akauelekeza kwenye ndoo: kama maji yanakuja kwa nguvu, mashine imepona, na lolote litakalobaki ni la bomba la nyumba. Yalikuja kwa nguvu. Kama pampu ingenguruma na feni iko huru lakini maji hayaji, angetafuta soksi ya mtoto kwenye mpira mnene unaounganisha tangi na pampu. Kama ingekuwa kimya kabisa, basi pampu imekufa au waya umeachia, na hapo angalau unajua unachomwitia fundi.

Nilijaribu kumpa noti. Alikasirika kweli. Alichokuwa na hamu nacho ni kulaani watu wanaotupa mashine nzima kwa sababu ya kifungo. Tangu Machi 2021, akasema, sheria ya Umoja wa Ulaya inawataka watengenezaji wawe na vipuri vya mashine za kufulia kwa angalau miaka 10 baada ya kuuza ya mwisho ya aina hiyo, halafu watu bado wanazirundika barabarani. Saa nne kasorobo aliaga. Karatasi ya ngazi aliniachia wiki iliyofuata kama kawaida, ila safari hii ameandika jina langu bila kukosea.

Kwa mnaojiandaa kuja, msiishie kujifunza lugha ya mtihani. Jifunzeni bisibisi. Nyumba nyingi za kupanga Ujerumani utapewa ukuta na mabomba. Jiko, sinki, hata taa ya dari ni juu yako, na kila anayekuja kukufungia anahesabu safari yake. Kabla ya televisheni, kata ile bima ya dhima kwa madhara unayowasababishia wengine, maana maji yakishuka kwa jirani utadaiwa wewe. Ukinunua mashine iliyotumika, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako mpaka itoe maji na kukamua. Akisema ameshaifunga kamba, ondoka. Na kama mkataba wa nyumba unasema mashine ni ya mwenye nyumba, usiite fundi kwa pupa. Mwandikie mwenyewe kwanza, kwa maandishi, aite yeye na alipe yeye.

Tangu nilipoweka picha ya ile rasta kwenye grupu letu la WhatsApp, nimekuwa fundi bila cheti. Wanatuma picha za vidirisha: OE ya LG, 5E ya Samsung, E20 ya AEG, zote kilio kimoja cha maji kutotoka. Juzi usiku kaka mmoja wa Esslingen, amehamia nyumba mpya, kafunga sinki mwenyewe, mashine haitoi maji hata tone, chujio safi. Nikamwambia aufungue mpira chini ya sinki aangalie pale unapochomekwa kwenye trapu, lile bomba lililopinda chini ya sinki. Trapu mpya huja na kile kitundu kimezibwa kwa plastiki, na usipoitoboa mashine itasukuma mpaka kiama. Akanyamaza muda mrefu. Saa saba usiku akaandika: "Dada, maji yameondoka yote. Sasa mlango haufunguki."

Nikamwandikia asubiri dakika mbili, asivute.