Nyumba inayolalamika afadhali kuliko inayonyamaza

Juzi jioni nimekaa kwa muuza rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) hapa Kyaliwajjala, nje kidogo ya Kampala, nangoja mayai yangu, macho yakaenda kwa ile nyumba ya ng'ambo ya barabara ambayo mwaka jana ilikuwa gorofa mbili na sasa wanamwaga slabu (sakafu ya zege) ya nne. Chini maduka yanauza kama kawaida, juu vibarua wanapandisha zege kwa karai. Fundi mmoja akashuka kununua chapati nikamuuliza, kaka, msingi ulichimbwa kwa gorofa ngapi? Akacheka. "Bosi akipata pesa tunaongeza." Rolex yenyewe ikaisha utamu.

Niliwahi kufanya saiti miaka miwili chini ya injinia mmoja mkali sana, kazi yangu ilikuwa kujaza zege kwenye vile viboksi vya chuma vya sentimita 15, likishika tunatoa vipande na kuvipeleka kuvunjwa siku ya 7 na siku ya 28 tuone zege limekomaa kiasi gani. Fundi akiongeza maji ili zege liteleze vizuri, mashine inamuumbua. Lakini kitu kilichonishangaza si hicho, ni siku aliyotugombeza kwa kuzidisha nondo kwenye boriti. Kuzidisha! Mimi nilijua nondo nyingi ni nguvu nyingi, basi.

Kumbe zege linavumilia kubanwa ila kuvutwa haliwezi, ndio maana chini ya boriti tunalaza nondo zivutwe kwa niaba yake. Sasa ukizijaza mno, siku mzigo ukizidi nondo hazichoki, linalopondeka ni zege la juu, ghafla, puu, na hakuna aliyepata habari. Ukiweka kwa kipimo chuma kinaanza kunyumbuka mapema, boriti inapinda, plasta inapasuka, milango inagoma kufunga, yaani nyumba inalalamika na watu wanapata muda wa kutoka. Injinia anachagua kwenye karatasi kipi kishindwe kwanza! Na hataki iwe nguzo, maana boriti ikienda umepoteza chumba, nguzo ikienda umepoteza vyote vilivyo juu yake. Huko Fort Portal ardhi inakotetemeka (tetemeko la 1994 wazee bado wanalihadithia) hilo ndilo la kwanza kuliangalia, nguzo zishinde boriti, ringi (vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo za nguzo) ziwe karibu karibu na ncha zake zikunjwe zirudi ndani ya nguzo. Fundi wengi wanaziacha wazi, eti zege litafunika.

Kulalamika peke yake hakutoshi lakini. Duka kubwa la Sampoong kule Seoul, Juni 1995: gorofa ya tano haikuwa kwenye mpango wa mwanzo, nguzo zilipunguzwa unene, slabu imekaa juu ya nguzo bila boriti, halafu mitambo mizito ya kupoza hewa ikaburutwa juu ya paa kupelekwa upande mwingine. Nyufa zilionekana mapema, siku yenyewe wakafunga gorofa ya juu na chini watu wakaendelea kununua, jioni nguzo ikatoboa slabu kama kidole kwenye chapati, mzigo ukahamia nguzo ya jirani, nayo hivyo hivyo. Watu 502 wakafa.

Hiyo ya mzigo kuhamia jirani ndiyo inawanyima mainjinia usingizi. London 1968, Ronan Point, gorofa 22, mama mmoja wa gorofa ya 18 aliwasha jiko asubuhi achemshe chai, gesi iliyovuja ikalipuka na kusukuma ukuta nje, kuta za juu zikakosa pa kukalia na kona nzima ikashuka mpaka chini. Wanne wakafa, mwenye chai akapona. Jengo lilikuwa na miezi miwili tu. Baada ya hapo Uingereza ikabadilisha kanuni, na mpaka leo injinia kwenye kompyuta anaondoa nguzo moja makusudi anaangalia kama zilizobaki zitashikana, nondo za slabu ziwe zimefungana toka upande huu mpaka ule.

Na jengo likishaanguka mainjinia wanasoma kifusi kama daktari anayepasua maiti. Nondo ikiwa imechomoka safi maana yake haikushikwa, iliunganishwa fupi au zege bovu. Ikiwa imekonda shingoni ndipo ikakatika, hiyo ilivutwa mpaka mwisho, ilifanya kazi yake. Wanachimba vipande vya zege wakavivunje maabara, wanaomba picha za zamani, wanauliza walionusurika kilichosikika kwanza ni nini.

Basi nikavuka barabara. Mama mwenye duka la chini nikamuuliza, mama, mlango wako unafunga vizuri? Akasema siku hizi unagoma, fundi mbao alishaupiga randa mara mbili. Akasogeza katoni za sabuni akanionyesha ufa unaopanda ukutani karibu na nguzo. Nikaomba kalamu, nikaweka alama pale ufa unapoishia, na tarehe.

Leo nimepita. Ufa umeivuka alama karibu upana wa kidole. Mama amehamisha friji na unga, anasema landilodi hashiki simu, kesho asubuhi tunaenda pamoja manispaa kwa inspekta wa majengo. Juu bado wanamwaga zege.