Bakora Kizingitini

Mdogo wangu wa kike aliolewa Tanga, Jumamosi moja ya mwaka 2016, na walii alikuwa Baba. Angeweza kumpa baba mdogo uwakala, na ndugu kadhaa walishauri hivyo kwa nia njema. Baba alikataa. "Huyu nimemzaa mimi, nitamwoza mimi."

Alikuwa mwaka wa saba na ugonjwa wa Parkinson, ule wa mwili kutetemeka na kukakamaa. Nyumbani jina hilo hatukulitumia sana; tulisema dawa "imeshika" au "imekata". Kidonge cha levodopa, dawa yake ya ugonjwa huo, kikishashika, Baba alitembea kama yule mwalimu aliyekuwa zamani, kifua mbele, mikono inacheza. Kikikata, mkono wa kulia ulijibana ubavuni, hatua zikawa fupi fupi, nyayo zikaburura, na kugeuka tu kukamchukua hatua sita. Aliyekutana naye saa 2 asubuhi kisha saa 4 angeapa kaona watu wawili. Wengi walidhani anajidekeza. Hilo liliniuma kuliko kutetemeka kwenyewe.

Nikaha ilipangwa baada ya Alasiri. Nilikwishapiga hesabu: kidonge saa 9 kamili, tumbo jepesi, ikifika saa 10 imeshika. Nikatoka kidogo kufuata gari. Niliporudi nilimkuta Baba ameketi mbele ya sinia la pilau ya nyama, naye shangazi akaniambia kwa furaha, "Nimemlisha kwanza ndipo nikampa. Dawa hainywewi na njaa." Sikumlaumu, sote tumelelewa hivyo. Lakini levodopa na protini ya nyama hugombea njia moja, utumboni na tena pa kuingilia ubongoni, na siku ile nyama ilitangulia. Saa 10 ikafika, dawa haijashika.

Mlangoni mwa msikiti alivua viatu, akainua uso, akaona watu walivyojaa ndani, miguu ikanata. Milango ilimsumbua siku zote. Ngazi alipanda vizuri, kizingiti chembamba ndicho kilichomshinda. Magoti yakaanza kutetemeka, kiwiliwili kinakwenda mbele, nyayo zimebaki palepale. Vijana wawili wakamshika mikono wakaanza kumvuta, na kumvuta ndiko kulikokuwa kukimwangusha.

"Mwachieni, tafadhali," nikasema, kwa ukali kuliko nilivyokusudia.

Nikachukua bakora yake nikailaza chini, mbele ya vidole vyake vya miguu. "Baba, vuka bakora."

Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyetufundisha hivyo, kwa kubandika utepe mweupe sakafuni: mguu uliokataa kwenda mbele mara nyingi hukubali kuvuka kitu unachokiona. Baba akaitazama ile bakora. Watu nyuma yetu wakanyamaza. Akainua goti juu kama anayevuka mtaro, akaingia.

Ndani bakora haikuhitajika tena. Kapeti lilikuwa na mistari ya safu, naye akaivuka mmoja mmoja, midomo ikihesabu, mpaka mbele kwa shehe.

Sauti nayo ilikuwa imefifia, maana ugonjwa huu hufika hata kooni, ikabidi shehe ainame kumsikiliza. Baba akamshika bwana harusi mkono, akamwoza binti yake kwa maneno kamili, hakuna lililorudiwa. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, nalia.

Halua na kahawa zikipita, niliona vidole vyake vya mkono wa kulia vimetulia juu ya paja. Dawa ilikuwa inashika, imechelewa karibu saa nzima. Akainuka bila kushika bega la mtu, akatembea hadi mlangoni mikono ikicheza, akavuka kizingiti hata hakukiangalia.

"Saa ngapi?" akaniuliza huku anavaa viatu.

"Kumi na moja kasorobo."

"Basi tunazo saa mbili," akasema. "Twende kwa mdogo wako kabla haijakata."